Jeli Iliyong'aa Msambweni

Chupa ya unga ikitoka kwenye friji, usiifungue. Iweke mezani, nenda ukanywe chai, zungumza na watu, kisha urudi. Ukiifungua ingali baridi, hewa yetu hii ya pwani, iliyolowa kama nguo isiyokamuliwa, itaingia ndani na kugeuka umande, na unga wako utakuwa ugali. Nawaambia hili kwanza kwa sababu ninyi vijana mnaokuja kunisalimu hapa nyumbani huniuliza siri ya kazi ya maabara, mkidhani nitawatajia mashine. Mashine zangu zote zilikwisha kutupwa. Umande bado upo.

Mimi ni Mutinda. Nilizaliwa bara, upande wa Mwingi, nikasomea kazi ya maabara, na kazi yenyewe nikaikosa. Basi nikashuka Diani kama wenzangu wengi, nikapata kibarua hotelini cha kupima dawa ya maji ya bwawa la kuogelea. Asubuhi nachota maji, natia matone, natazama rangi, nakwenda zangu. Siku moja mgeni mmoja wa hotelini alinikuta nikipima akaniuliza kwa nini natazama chupa nikiwa nimeweka karatasi nyeupe nyuma yake. Nikamjibu kwamba bila karatasi, rangi ya bwawa lenyewe inanidanganya. Hakuwa mgeni kwa kweli. Alikuwa Daktari Salim, mzaliwa wa Tiwi, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, na siku ile alikuwa amekuja kumwona jamaa yake jikoni. Akaniambia, "Ukichoka na bwawa, njoo Msambweni."

Nilikuwa nimechoka siku nyingi.

Maabara yake ilikuwa vyumba viwili katika jengo lililokuwa zamani ghala la mbata. Harufu ya nazi kavu haikutoka kamwe ndani ya zile kuta. Mvua ikinyesha ilizidi, kama mwenye nyumba aliyerejea. Aliyekuwa akitawala pale si Daktari. Alikuwa Bi. Riziki, fundi mkuu, mama wa Kidigo aliyefanya kazi za maabara tangu ujana wake, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na koti jeupe juu ya dera. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Habari yako, mama."

Akanitazama. "Habari yangu nzuri. Na shikamoo umeiacha bara?"

"Shikamoo, Bi. Riziki."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nawa mikono."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufunzwa, mambo mawili kwa pamoja: kazi na Kiswahili. Nikisema "hii kitu", yeye husema "kitu hiki", bila kuinua kichwa kutoka kwenye pipeti, kile kibomba cha kunyonyea dawa. Nikisahau kukaanga mchele, hunikumbusha kwa sauti ileile. Mchele huo haukuwa wa kula. Tulikuwa tukiukaanga mpaka unakauka kabisa, tunautia kwenye kifuko cha kitambaa, tunakiweka ndani ya sanduku la hadubini ili unyonye unyevu. Bila hivyo, lenzi huota ukungu, ukaona nyuzi nyeupe katika kila kitu unachotazama, ukadhani umegundua ugonjwa mpya. Kuna mtu aliwahi kugundua ugonjwa huo kwetu, akaushangilia asubuhi nzima. Sitamtaja. Alitoka Mwingi.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Protini mnaijua: imo katika yai, maharagwe, samaki. Ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Mnyororo ukiwa mfupi, wa vipande vichache tu, huitwa peptidi. Daktari alikuwa na peptidi ya aina moja, aliyoletewa na rafiki yake wa ng'ambo, unga mweupe usiojaza kijiko. Ukiutia katika maji, vile vinyororo vifupi hutafutana, hushikana ubavu kwa ubavu, na kujipanga vyenyewe mpaka vikawa nyuzi. Nyuzi zikisukana, maji hunaswa katikati yake, ukapata jeli safi kama kioo.

Mimi sikuelewa mara moja. Mtu gani anavipanga? Bi. Riziki ndiye aliyenielewesha. Alisema, "Umewahi kupita msikitini sala inapokimiwa? Watu wametawanyika, huyu anavua viatu, huyu anafunga kikoi. Mara safu zimenyooka, bega kwa bega. Umemwona mtu akiwashika mikono kuwapanga? Basi."

Daktari aliitaka jeli ile kwa ajili ya vidonda. Upande wetu walikuwapo wazee wengi, wakiwamo waliowahi kukata miwa Ramisi, wenye vidonda vya miguu visivyopona mwaka hata mwaka. Kidonda kikifunikwa na kitu safi, chenye maji, kisichoganda kama bandeji, nyama hupata nafasi ya kuota. Hilo lilikuwa tumaini lake la kwanza. La pili alilificha kidogo, kwa sababu lilikuwa limeshamletea dhihaka. Alipokuwa masomoni, aliwahi kuiona jeli ya namna hiyo ikitoa mwanga hafifu chini ya taa ya urujuanimno. Hakuwa ameitia rangi yoyote. Wakubwa zake wakamwambia ni uchafu, aoshe vyombo. Aliosha. Lakini shaka haikumtoka: je, ikiwa ule mwanga unatoka katika zile safu zenyewe? Ikiwa ni hivyo, ungeweza kumulika jeli juu ya kidonda na kujua kwa macho tu kama bado imejipanga au imevunjika.

Taa ya urujuanimno, kwa wale ambao hamjaitumia, mwanga wake mwingi jicho haliuoni. Lakini ukiangukia vitu fulani, vitu hivyo huupokea na kuurudisha kwa rangi inayoonekana. Usiitazame bila miwani yake. Na usivae shati jeupe.

Hilo la shati nililijua kwa aibu. Siku Daktari aliponiwashia taa ile mara ya kwanza, ndani ya chumba kilichozibwa madirisha kwa blanketi, nilipiga ukelele. Kulikuwa na mwanga wa buluu kila mahali! Kumbe ulikuwa unatoka kifuani mwangu. Sabuni za unga za kufulia hutiwa dawa ya kuzifanya nguo zionekane nyeupe zaidi, na dawa hiyo, chini ya taa ile, hung'aa kama mwezi. Mimi mtu mzima nilisimama pale nimekuwa taa. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Bi. Riziki hakucheka, alinipa koti lililofuliwa kwa sabuni ya mche, akasema, "Sasa umejua adui yako ni nani."

Tangu siku ile, sabuni ya unga haikuvuka mlango wetu. Karatasi laini za kufutia pia tulizikataa, kwa kuwa nazo hung'aa, tukawa tunatumia pamba kuukuu iliyochemshwa. Chupa ziliandikwa kwa penseli. Nawaambia mambo haya madogo kwa sababu maabara ndogo haina utajiri mwingine ila mambo madogo.

Na bado hatukufanikiwa. Tulichanganya unga na maji, tukakoroga kama tulivyoelekezwa, tukaweka kwenye baridi, tukatoa, tukakoroga tena. Tulichopata ni maji ya mchele: meupe, yenye chembechembe, yasiyoshikana. Chini ya taa, giza. Unga ukawa unapungua. Chuo cha Nairobi kilichomsaidia Daktari kilikuwa kimeanza kuuliza kama kuna haja ya kuendelea.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na saba, nilichanganya unga wa mwisho. Nilikuwa nashika kijiti cha kukorogea mlango ulipogongwa. Alikuwa mpwa wa Bi. Riziki, ametoka mbio. Hakusalimu. Alisema, "Ukunda nyumba za wabara zinachomwa."

Mnaijua habari ya mwaka ule, au mmesimuliwa. Vurugu zilianzia Likoni zikaenea, na sisi tuliotoka bara tukaambiwa tuondoke. Sitasema mengi kuhusu waliofanya, kwa kuwa sikuwaona. Nitasema juu ya wale niliowaona.

Bi. Riziki aliniuliza, "Mkeo yuko wapi?"

"Ukunda. Na mtoto."

Nilikuwa nimeshaufikia mlango. Akaniwekea mkono kifuani. "Wewe huendi kokote. Ukionekana njiani hutafika, na usipofika watakungoja wewe. Salim!"

Daktari alikuwa ameshachukua funguo za gari. Bi. Riziki alivua koti jeupe, akajitanda buibui, akachukua buibui la pili lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, akaketi kiti cha mbele. Walinifungia ndani kwa kufuli, ili mpita njia aone pamefungwa.

Nilibaki na chupa. Sikuweza kukoroga, akili yangu yote ilikuwa Ukunda na niliogopa kuivunja. Nikaifunika, nikaiweka ndani ya kabati, upande wa gizani, nikafunga. Kisha nikaketi sakafuni na harufu ya mbata na kumwomba Mungu kwa Kikamba, kwa sauti ya chini.

Waliporudi, nilimsikia kwanza mtoto wetu, Ndinda, akiuliza kama kuna maji. Kisha akaingia mama mmoja aliyejitanda buibui mpaka machoni. Alipojifunua alikuwa Syombua, mke wangu. Hakuwa amelia. Alinishika mkono akaukaza, hakuuachia mpaka jua lilipoelekea magharibi.

Baadaye Daktari alinihadithia. Njiani walisimamishwa na vijana. Bi. Riziki aliteremsha kioo akawauliza kwa Kidigo wao ni watoto wa nani, mmoja baada ya mwingine, na mama zao hawajambo? Wakajibu, maana huwezi kuulizwa na mama mtu mzima jina la mamako ukakaa kimya. Kisha akasema ana wagonjwa nyuma. Wakapisha.

Tulikaa nyumbani kwake Msambweni, chumba cha uani, mpaka njia ilipopatikana. Majirani walijua. Mmoja alileta mihogo ya nazi, mwingine akaleta samaki, na hakuna aliyeuliza wageni ni nani. Kivukoni Likoni hakukupitika kwa mtu kama mimi, basi Daktari alituzungusha kwa njia za ndani mpaka Kinango, akatutoa Mariakani, tukapanda basi la kwenda bara. Hakuna aliyetaja kazi. Alinipa mkono tu.

Nilikaa kwetu nikilima. Mvua zilikuwa hazijafika, ardhi ilikuwa ngumu, na mimi nilikuwa nimesahau jembe. Siku moja niliitwa dukani sokoni, kulikuwa na simu yangu. Alikuwa Daktari Salim.

"Kumetulia," alisema. "Sikuambii uje. Nakuambia mlango upo. Usipokuja nitaelewa, na Bi. Riziki ataelewa, ingawa yeye atanuna."

Nilimwambia Syombua jioni, tukimenya maharagwe.

"Mimi sirudi," alisema. "Na wewe unarudi kufanya nini? Ile ni kazi gani, Mutinda? Hotelini ulikuwa unaleta mkate. Huko Msambweni unatazama maji kwenye chupa. Watu wamechomewa nyumba, na wewe unarudia maji?"

Nilimwambia nitakwenda kuona, kisha nitajua. Aliendelea kumenya. Aliponifungia nguo asubuhi alizikunja vizuri sana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Bi. Riziki alinipokea kama niliyetoka sokoni. "Marahaba. Nawa mikono." Lakini nilimwona akigeuka kuipangusa miwani. Alikuwa amenitafutia nyumba ndogo ya kupanga jirani na kwake, akalipia mlango utiwe kitasa kipya.

Maabara ilikuwa haijafunguliwa muda wote ule. Umeme ulikuwa umekatika, friji ilikuwa imeota ukungu, na mchele wa kwenye sanduku la hadubini ulikuwa umeliwa na wadudu. Tulifagia. Nilipofika kwenye kabati nikakumbuka ile chupa, nikajua nitakachokuta: maji yaliyooza, na unga wa mwisho umekwenda. Niliitoa niimwage. Niliipeleka kwenye karai, nikaipindua.

Haikumwagika.

Niliitikisa. Ikatetemeka kidogo, ikatulia. Ilikuwa safi kiasi kwamba niliweza kuona alama za kidole changu upande wa pili. Sikungoja kumwita mtu, nikaenda mwenyewe kuwasha jenereta. Nikashusha blanketi la dirishani, nikawasha taa.

Hebu kumbukeni jiko la mafuta ya taa, utambi ukiwa umekatwa sawasawa na moto umeshushwa mpaka chini: ile buluu ya pembeni. Ndivyo ilivyokuwa. Hafifu, lakini imejaa chupa nzima, imetulia.

"Hii kitu inawaka!" nilipiga kelele. "Bi. Riziki, hii kitu inawaka!"

Alikuja akasimama nyuma yangu. Kisha akasema polepole, "Kitu hiki, mwanangu. Tena hakiwaki. Kinang'aa."

Tulimwita Daktari. Alitazama, akatoka nje, akarudi akatazama tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jamaa waliyekwisha kumzika. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa, "Sabuni."

Nataka mlishike hilo, vijana. Mtu aliyelitafuta jambo miaka mingi, likamjia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulikataa. Alisema, "Tukiwa wa kwanza kulikanusha, hakuna atakayetushinda kulikanusha." Tukachukua chupa zilizooshwa siku moja na ile, tukatia maji matupu: giza. Tukatia unga wa protini nyingine: giza. Tukapima maji, pamba, kizibo. Giza tupu. Hapo ndipo alipoanza kutabasamu, na hapo ndipo Profesa alipopiga simu kwamba anakuja.

Alikuwa mama mmoja kutoka kile chuo, mrefu, msemaji wa maneno machache, aliyetumwa kuamua kama tufungiwe au tuachwe. Alifika na begi, ndani ya begi ana chupa zake mwenyewe na maji yake mwenyewe, vyote vimezibwa. Aliitazama jeli yetu chini ya taa kwa muda. Akasema, "Ni nzuri. Na mimi nimeona vitu vizuri vingi vilivyokuwa uchafu."

Daktari hakukasirika. "Ungependa tufanye nini, Profesa?"

"Mnasema mwanga unatokana na mpangilio. Basi vunjeni mpangilio."

Kuvunja maana yake ni kupasha moto. Jeli ikipashwa, safu zinasambaratika, inarudi kuwa maji. Kama mwanga ni wa uchafu, utabaki, kwa sababu uchafu haujali safu. Kama ni wa mpangilio, utatoweka. Lakini hatukuwa na hakika kwamba ukitoweka utarudi, na hatukuwa na unga mwingine. Daktari alimtazama Bi. Riziki. Yeye akachukua kijiko.

"Nusu," alisema. "Nusu tunaihatarisha, nusu inabaki kuwa amana."

Profesa aliiweka ile nusu katika chupa yake, akaongeza maji yake kidogo, akaipasha mwenyewe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Tulijibana wote wanne katika chumba cha giza, blanketi limeshushwa. Jeli ililainika, ikawa maji, na ile buluu ikafifia, ikafifia, ikazimika.

"Sawa," alisema Profesa. "Sasa irudisheni."

Nilinyoosha mkono kuchukua kijiti cha kukorogea. Ni mazoea. Bi. Riziki akasema, "Ngoja. Ile ya kwanza nani aliikoroga?"

"Hakuna," nilisema. "Niliiacha tu."

Tukatazamana. Muda wote ule tulikuwa tukizikoroga safu kabla hazijanyooka, kama mtu anayekatiza katikati ya wanaosali. Tuliifunika chupa, tukaiweka kabatini, tukatoka.

Profesa alitakiwa kuondoka kesho yake. Lakini usiku ule mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule zilishuka, zile ambazo wazee bado wanazitaja, na barabara ya kwenda Likoni ikakatika. Akakwama hotelini Diani. Kila asubuhi iliyowezekana alikuja na gari la hoteli, viatu mkononi, miguu imejaa matope, anauliza, "Imeshika?" Haikuwa imeshika. Alianza kukaa nasi akinywa chai, akamenya vitunguu kwa Bi. Riziki, akafunzwa "kitu hiki" vilevile, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, nikamwambia ukweli. Aliniambia na yeye ndugu yake alifukuzwa mahali pengine, mwaka mwingine. Akaishia hapo.

Ikawa asubuhi moja, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Profesa mwenyewe alifungua kabati. Aliipindua chupa. Haikumwagika. Tukaingia chumba cha giza, Daktari akawasha taa, na buluu ile ilikuwa imerudi, ndani ya chupa iliyooshwa Nairobi, na maji yake ya Nairobi yamechanganyika humo.

Profesa alivua miwani ya kinga, akakumbuka, akaivaa upesi. "Ipo," alisema. Kisha akaanza kucheka, cheko la msichana, akamshika Bi. Riziki mabega. "Mama, ipo!"

"Alhamdulillahi," alisema Bi. Riziki. "Sasa vaeni viatu, mtakanyaga kioo."

Tuliachwa tuendelee. Sitawaongopea kwamba jeli ile ilikuja kuwa dawa inayouzwa madukani. Haikuwa. Tuliifanyia kazi kwa uangalifu, tukajifunza ni joto gani inapenda na chumvi gani inachukia, Daktari akaandika, na watu wa mbali wenye mashine kubwa wakaendelea kutoka pale. Leo kuna maabara nyingi duniani zinazotafuta mwanga katika vitu vinavyojipanga vyenyewe, na wengine wenu mko humo. Nikisikia hivyo nafurahi kama mtu aliyeona kijukuu.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka auone mwanga ule kuliko Profesa.

Syombua alikuja mwaka uliofuata, barabara zilipotengenezwa, kuleta nguo zangu za baridi ambazo hapa hazina kazi. Alisema anakaa siku chache. Alimwamkia Bi. Riziki shikamoo kabla ya mtu kumfunza, wakakumbatiana mlangoni muda mrefu, na Ndinda akawa anavuta buibui la yule mama akiuliza kama bado ana maji ya ndimu.

Nilimpeleka mke wangu maabara mchana. Nilimvisha miwani, nikashusha blanketi, nikawasha taa. Alikaribia, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu juu ya kioo.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho hiki."

"Ni kidogo."

"Ndiyo. Ni kidogo."

Alikaa ameinama hivyo hata nikaogopa taa itapata moto. Nikamweleza kwamba siku ile, wakati yeye yuko njiani ndani ya buibui la watu, mimi nilikuwa nimefungiwa hapa, na kwamba hiki kilikuwa kikijipanga gizani siku zote tulizokuwa mbali, hakuna aliyekigusa. Sijui kama nilieleza vizuri. Kiswahili changu kilinitoka, nikamalizia kwa Kikamba.

Alijinyoosha, akavua miwani, akanirudishia. Tulitembea kwenda nyumbani akiwa mbele. Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama pale penye magugu, akachimba udongo kidogo kwa kisigino, akaushika, akaunusa.

"Mutinda," alisema, "kesho tafuta vijiti vya muhogo tupande. Nafasi hii imekaa bure."